Hitilafu ya Kiufundi ni Nani?

Mama yangu akiniuliza kazi yangu hasa ni gani, humwambia kwamba mimi ni mkalimani. Mara ya kwanza alifurahi, nadhani aliona nimeajiriwa kortini. "Wa lugha gani na lugha gani?" Nikamwambia: ya mashine na ya mashine. Akanitazama kidogo, akarudi kwa sukuma wiki zake. Lakini sikuwa nikimtania, na kwa vile habari ninayotaka kusimulia haieleweki bila hili, wacha nieleze.

Kuna lugha za kompyuta zinazokaa chini kabisa, karibu na chuma na umeme. C ni mojawapo. Dennis Ritchie aliibuni huko Marekani, katika maabara ya Bell, mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mpaka leo mtengenezaji wa mizani au printa akitaka kifaa chake kizungumze na kompyuta, mara nyingi maktaba anayokupa imeandikwa kwa C. Halafu kuna lugha za juu, lugha za skripti, kama Python, ambayo Guido van Rossum aliitoa mwaka 1991. Hizi ni nyepesi. Mtu anayetaka programu ya kurekodi mauzo hana haja ya kushuka hadi kule chini kwenye matope. Kwa hivyo lazima kuwe na mtu wa katikati, anayeshuka, anayeuliza, anayepanda na jibu. Mtu huyo ni mimi.

Majibu mazuri ni rahisi kubeba. Mizani ikisema gramu 14,600, unapanda na gramu 14,600. Shida huanza mambo yakiharibika, maana lugha hizi mbili hazikubaliani jinsi ya kutangaza mabaya.

C hunong'ona. Funksheni ikishindwa, mara nyingi hurudisha nambari ya ajabu, tuseme hasi moja, na pengine huacha maelezo mahali panapoitwa errno, nambari moja tu ya kueleza sababu. Hakuna anayekulazimisha kuisoma. Ukichelewa, kosa jingine linaweza kuja likaandikwa juu ya lile la kwanza, na sababu ya awali ikapotea. Ukipuuza kabisa, programu inaendelea na kazi kana kwamba hakuna lililotokea.

Python hupiga kelele. Kosa likitokea huinuliwa kama eksepsheni: kazi inasimama pale pale, na habari inapanda ngazi kwa ngazi, kutoka kwa aliyetumwa hadi kwa aliyemtuma, hadi kwa aliyemtuma yule, mpaka apatikane mmoja aliyejiandaa kuipokea. Asipopatikana, programu inakufa, na kabla haijafa inaandika njia yote iliyopitia, mstari kwa mstari.

Mkalimani basi anasikia mnong'ono na anapaswa kuamua kama ataugeuza kuwa kelele. Hapo ndipo nilipokosea.

Miaka kadhaa iliyopita, kampuni yetu ndogo ya watu watatu ilipata kazi kutoka kwa ushirika mmoja wa maziwa, upande wa Nyandarua. Wakulima hufika vituoni kabla ya jua kuchomoza, kila mtu na mtungi wake. Karani anapima, anarekodi, na mwisho wa mwezi malipo hutoka kulingana na kilo zilizorekodiwa. Zamani ilikuwa daftari na kalamu. Ushirika ukataka mizani ya dijitali iliyounganishwa kwa waya na kompyuta ndogo ndani ya sanduku la plastiki. Karani angebonyeza HIFADHI, na jioni mkulima apate ujumbe kwenye simu: leo umeleta kilo kadhaa.

Maktaba ya mizani ilikuwa ya C. Ukiiuliza uzito, inakurudishia gramu. Lakini ikirudisha hasi moja, maana yake mizani haijibu. Hasi mbili, uzito haujatulia. Hasi tatu, mzigo umezidi. Yote haya yameandikwa kwenye kijitabu, kurasa nne tu, nami nilizisoma zote. Siwezi kujitetea kwamba sikujua.

Kwanza niliandika ukalimani wangu jinsi unavyotakiwa: nikiona nambari hasi, nainua eksepsheni. Siku ya kuwaonyesha kamati, mwenyekiti mwenyewe aliweka mtungi juu ya mizani, ukawa bado unayumba. Hasi mbili. Eksepsheni ikapanda, na kwa kuwa kule juu sikuwa nimeandika mahali pa kuipokea, programu ikaanguka mbele ya wazee tisa na chai yao. Mwenyekiti akacheka, "Kwani hii mashine yenu inaogopa maziwa?" Wote wakacheka. Mkubwa wangu alicheka pia, lakini tulipofika kwenye gari aliniambia kwa sauti ya chini, "Isianguke tena. Sijui utafanya nini, lakini isianguke tena."

Usiku ule niliongeza mstari mmoja kwenye sehemu ya C:

if (gramu < 0) gramu = 0;

Yaani, ukipata nambari hasi ya aina yoyote, sema sufuri. Juu yake niliandika maneno mawili ya kujikumbusha: rekebisha baadaye. Nilikuwa na hoja yangu. Mtungi ukiyumba, kioo kitaonyesha sufuri kwa sekunde moja, halafu utatulia na uzito wa kweli utatokea. Nani ataumia? Na kweli, kwa miezi mingi hakuna aliyeumia.

Halafu mvua ndefu zikaja. Katika kituo kimoja, unyevu uliingia mahali waya ulipochomekwa kwenye mizani. Mtungi mzito ukiwekwa, mizani inatikisika kidogo, waya unaachia. Hasi moja: mizani haijibu. Ukalimani wangu ukasema: sufuri.

Sasa fikiria karani wa kituo hicho, alfajiri, giza, foleni ya watu thelathini na baridi ile ya Nyandarua. Mizani ina kioo chake chenye nambari nyekundu, na hicho kilifanya kazi vizuri kabisa. Anakisoma kwa sauti ili mkulima asikie, "Kumi na nne nukta sita, shosho." Anabonyeza HIFADHI. Kioo kidogo cha sanduku letu, kilichojaa umande, hakitazami. Kwa nini akitazame wakati nambari ameiona kwa macho yake? Jioni, shosho anapata ujumbe kwamba leo ameleta kilo 0.0.

Siku ya kwanza alidhani ni makosa ya simu. Ya pili akamuuliza jirani. Ya tatu akaenda ofisini. "Kwani nilibeba hewa?" aliwauliza. Na hakuwa peke yake. Ndani ya siku 11 zilipatikana sufuri 19, za wakulima tofauti, zote za kituo kimoja, zote za karani mmoja.

Kamati ilifikiri kama watu wengi wangefikiri. Hapa kuna vitu viwili, kompyuta na binadamu, na kimoja kinadanganya. Baadaye niliambiwa kuna mzee aliyesema kwenye kikao, "Kompyuta haina njaa." Yaani haina sababu ya kuiba. Karani alikuwa na mke, watoto watatu, na karo. Alisimamishwa kazi bila malipo.

Mimi nilipigiwa simu baada ya wiki tatu, na si kwa sababu kuna aliyeishuku programu. Walitaka niwachapishie rekodi zote, watie sahihi, wampeleke mtu polisi na ushahidi kamili.

Nilipozifungua niliona mambo mawili. Kwanza, sufuri zote zilikuwa sufuri tupu. Hakuna 0.2, hakuna 0.4, wakati hata mizani isiyo na kitu juu yake huchezacheza kidogo. Pili, tanki la kupozea maziwa la kituo kile lilikuwa na maziwa mengi kuliko jumla ya rekodi, kila siku yenye sufuri. Mwizi gani huyu anayeacha mali ikizidi? Nilikaa nikiangalia nambari hizo kwa muda. Kisha nikafungua faili la C, nikakuta mstari wangu, na juu yake yale maneno mawili kwa mkono wangu mwenyewe.

Tangu siku hiyo nimefikiria sana kuhusu sufuri. Kosa langu halikuwa kwamba nilinyamaza. Kunyamaza kungekuwa afadhali. Mizani ilisema sijui, nami nikatafsiri hakuna. Maneno hayo mawili yako mbali sana, ingawa kwenye daftari la malipo yanafanana. Anayesema sijui anakuacha na swali, na utaenda kuuliza, utapima tena, utasubiri. Anayesema hakuna amelifunga swali. Shosho angeambiwa "leo hatukuweza kupima," angekasirika, angelalamika, lakini hakuna ambaye angeitwa mwizi. Sufuri ilikuwa ushahidi, na ushahidi lazima uwe dhidi ya mtu.

Cha kushangaza ni kwamba Python yenyewe imejilinda dhidi ya aina mbili za mkalimani mbaya. Ukiandika kwa C kipande cha kutumiwa na Python, kanuni ni hii: ukishindwa, kwanza tangaza eksepsheni, halafu rudisha NULL, yaani rudi mikono mitupu. Ukirudi mikono mitupu bila kutangaza lolote, Python itakukemea kwa kosa la mfumo: umerudi bila kitu na hujasema kwa nini. Na ukirudi na jibu mkononi huku umetangaza kosa, itakukemea vilevile: huwezi kusema umefaulu na umeshindwa kwa pumzi moja. Lakini dhidi ya mkalimani wa tatu haina kinga. Huyo anarudi na jibu safi, lenye umbo sahihi, la aina sahihi, isipokuwa ni uongo. Hakuna mashine itakayomkamata. Huyo anabaki na dhamiri yake, na kama dhamiri imechoka na inataka kulala, basi.

Usidhani haya ni mambo ya maziwa na vijana wa Nairobi wanaoandika programu usiku. Tarehe 4 Juni 1996, kule Kourou katika Guyana ya Ufaransa, roketi ya Ariane 5 ilirushwa kwa mara ya kwanza, ikiwa imebeba setilaiti nne za utafiti ziitwazo Cluster. Takriban sekunde 40 baada ya mfuatano wa kuruka kuanza, ikiwa kwenye kimo cha mita 3,700 hivi, ilipinda, ikavunjika, ikalipuka. Tume ya uchunguzi, iliyoongozwa na mwanahisabati Jacques-Louis Lions, ilitoa ripoti yake mwezi uliofuata.

Ndani ya roketi kulikuwa na kifaa cha kupima mwelekeo na mwendo. Programu yake ilirithiwa kutoka Ariane 4, roketi iliyotangulia, ambayo mwendo wake wa kando mwanzoni mwa safari ulikuwa mdogo zaidi. Kwenye Ariane 5, nambari moja ya biti 64 ilikuwa kubwa kuliko inavyoweza kutoshea kwenye nafasi ya biti 16, ambayo kikomo chake ni 32,767. Kosa likainuka. Na tofauti na mimi, kifaa kile hakikulificha. Kilijizima kama kilivyoagizwa na waliokibuni. Cha akiba kilikuwa na programu ile ile, nacho kilikuwa kimezimika kwa sababu ile ile muda mfupi kabla.

Ila kabla ya kunyamaza, kifaa kilituma juu taarifa za hitilafu yake, na kompyuta kuu ya roketi ikazisoma kama taarifa za safari. Ilidhani roketi imepinda vibaya, ikageuza midomo ya injini ili kuirekebisha. Roketi ambayo haikuwa imepinda ikapindishwa. Na zile hesabu zilizozaa kosa hazikuwa na kazi yoyote baada ya roketi kuondoka ardhini.

Nikiisoma habari hiyo huwa nasikia sufuri yangu. Kule, kosa lilipanda likiwa limevaa nguo za jibu. Aliyelipokea hakuwa na njia ya kujua kwamba anachosikia ni kilio, akakichukua kama maelekezo ya njia. Ukubwa wa mkasa ni tofauti sana, roketi na mtungi wa shosho, lakini dhambi ya mkalimani ni ile ile: kuacha "sijui" ipite ikionekana kama "najua".

Kuna jibu moja kwa haya yote, nami nimelisikia kutoka kwa mkubwa wangu na kwa wenzangu wengi wa kazi. Wewe unataka nini, karani wa maziwa aonyeshwe hasi moja? Saa kumi na moja alfajiri, watu thelathini kwenye foleni, umwekee kwenye kioo mistari arobaini ya njia ya eksepsheni? Huo nao si ukatili?

Ni ukatili, kweli. Na hapa naona watu wanaopenda ukweli mtupu hukosea kwa upande wa pili. Kuna daktari anayemwambia mgonjwa jina la ugonjwa kwa Kilatini, akafunga faili, akaita anayefuata. Hajadanganya. Lakini mgonjwa ametoka mlangoni akiwa hajaambiwa kitu. Kusema neno kwa neno si kutafsiri, ni kumtupia mwenzako mzigo akiwa amelala.

Tafsiri nzuri ya kosa ipo, na nitatoa mfano kutoka Python hiyo hiyo. Kwenye Linux, ukitaka kufungua faili lisilokuwepo, kule chini utapewa nambari 2. Ukikatazwa kulifungua, nambari 13. Kwa miaka mingi, mwandishi wa Python aliyetaka kutofautisha hali hizo alilazimika kuzikumbuka nambari hizo au majina yake ya kifupi. Toleo la 3.3, lililotoka mwaka 2012, likazipa makosa hayo majina yanayosomeka: hili ni kosa la faili kutopatikana, hili ni la kukosa ruhusa. Mtu wa juu anaelewa papo hapo. Lakini, na hili ndilo ninalolipenda, nambari ya zamani haikutupwa. Imo ndani ya eksepsheni, na anayetaka kushuka hadi kwenye chanzo ataikuta. Vilevile, tangu Python 3 ilipotoka mwaka 2008, ukipokea kosa moja na kuinua jingine linaloeleweka zaidi, unaweza kuandika kwamba hili limetokana na lile, na yote mawili yatapanda pamoja, mtoto na mzazi wake.

Basi kulainisha si dhambi. Unaweza kubadilisha maneno, ukachagua yale ambayo msikilizaji wako anayatumia nyumbani kwake, mradi usikate uzi unaorudi kwenye chanzo. Wazee walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Mimi ndiye niliyekuwa kata. Nilishuka, nikajua, nikapanda nikasema mtungi ni mtupu.

Jambo lingine nililojifunza ni kuhusu mahali pa kupokea kosa. Waandishi wa programu wana kanuni: usidake eksepsheni usiyoweza kuitatua, iache ipande kwa anayeweza. Nilikuwa naichukulia kama kanuni ya usafi tu, kama kufagia. Lakini nani angeweza kulitatua lile la waya? Si mimi, niliye Nairobi. Si mwenyekiti. Ni karani. Angeambiwa mizani haijibu, angeinama, angekaza waya kwa mkono wake, dakika moja, akaendelea. Nilipoificha ile hasi moja nilidhani namwondolea usumbufu. Kumbe nilimnyang'anya kitu pekee ambacho kingemwokoa, tena yeye ndiye aliyekuwa na mikono karibu na tatizo kuliko mtu mwingine yeyote.

Sasa nije kwenye sehemu ninayoionea haya zaidi, kwa sababu mstari ule niliuandika usiku nikiwa nimechoka, lakini hili nililifanya mchana, nikiwa nimevaa koti.

Nilimpigia mkubwa wangu, nikamweleza kila kitu. Akakaa kimya kidogo. "Mtu arudishwe kazini leo," akasema, na hapo alikuwa sahihi. "Lakini kwenye kikao usiingie sana kwa hizo details. Waambie ilikuwa hitilafu ya kiufundi."

Nikaenda. Nikasimama mbele ya wazee wale wale tisa, karani akiwa ameketi nyuma karibu na mlango, nikasema, "Kulikuwa na hitilafu ya kiufundi kwenye mfumo. Tayari imerekebishwa. Rekodi zitasahihishwa." Wakatikisa vichwa. Mwenyekiti akashukuru. Dakika kumi, kazi imeisha.

Angalia sentensi hiyo. Kulikuwa na. Kiswahili ni lugha ambayo kitenzi chake hupenda kubeba mtu: nilifanya, ulifanya, alifanya. Unapaswa kujitahidi kumtoa. Mimi nilijitahidi. Kulikuwa na, mahali fulani, kitu fulani. Imerekebishwa, na nani haijasemwa. Nilipokea kosa lenye jina, tarehe, na mstari wake, nikalitafsiri kwa lugha ya kikao mpaka likawa kama hali ya hewa. Ilikuwa if (gramu < 0) gramu = 0 kwa mara ya pili, safari hii kwa mdomo.

Nilipotoka nje karani alinifuata hadi kwenye gari. Nilidhani anataka kunishukuru, na nilikuwa nimeshaandaa uso wa kupokea shukrani.

"Boss," akaniambia, "hiyo hitilafu ya kiufundi ni nani?"

Hakusema ni nini. Alisema ni nani. Nikaanza kueleza habari za unyevu na waya. Akanisikiliza kwa heshima mpaka mwisho. Kisha akasema, "Sawa. Maana kule kijijini wananiita Zero. Mtoto wangu shuleni wanamwita Zero Junior. Nikiwaambia ilikuwa hitilafu ya kiufundi, wananiambia eh, hata sisi tunaijua hiyo hitilafu, ina mke na watoto watatu."

Hapo ndipo nilielewa kwamba lawama haipotei kwa sababu tu sentensi haina mtenda. Inashuka, kama maji, inatafuta mtu wa chini aliye karibu. Sikumtaja mtu, nikadhani sijamlaumu mtu. Lakini kijiji kilikuwa tayari na jina, na mimi niliyekuwa na jina lingine nililiweka mfukoni nikaondoka nalo.

Ilinichukua siku nne. Sitaki kujipamba, zilikuwa siku nne, na katika hizo nilifanya hesabu ya mkataba, ya kodi ya nyumba, ya watu wanavyozungumza. Siku ya tano niliandika barua ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili cha kawaida, nikaomba isomwe kwenye kituo, alfajiri, wakati foleni ipo. Ilisema: mimi ndiye niliyeandika sehemu ya programu iliyogeuza "mizani haijibu" kuwa "kilo 0". Niliiandika hivyo ili programu isianguke mbele ya kamati. Karani alipima maziwa yenu vizuri na kubonyeza alichotakiwa kubonyeza. Chini nikaweka jina langu.

Mkubwa wangu hakufurahi. Hakunifukuza, lakini kwa muda alinipa kazi za ndani ndani, zisizo na wateja. Ushirika haukuvunja mkataba. Ulilipa zile kilo kwa kukadiria: wastani wa siku saba zilizotangulia, kwa kila mkulima mwenye sufuri. Shosho hakuridhika. "Wastani wa nini?" aliuliza. "Ile siku ng'ombe alikuwa ametoa kuliko siku zote." Huenda alikuwa sahihi. Hatutajua. Uzito wa siku ile ulikuwepo kwenye kioo chekundu kwa sekunde chache, na mahali pake tuliweka uongo, na uongo ukiondolewa hauachi nyuma yake ukweli. Unaacha shimo, na shimo tunalijaza kwa wastani.

Nilirudi kituoni baada ya mwezi kuweka programu mpya. Niliingia kabla ya foleni. Karani hakuzungumzia barua mpaka nilipomuuliza kama ilisomwa. "Ilisomwa," akasema, akipangusa mizani kwa kitambaa. "Ilisomwa vizuri. Lakini ungesema siku ile, tukiwa wote ndani." Sikuwa na jibu, na hakuonekana kulisubiri.

Nikamwonyesha ujumbe mpya utakaotokea kwenye kioo kama mizani haijibu. Nilikuwa nimeandika: "Hakuna mawasiliano na kifaa cha mizani. Kagua kebo ya data. Rekodi haijahifadhiwa." Akausoma mara mbili.

"Hapa mtu hasemi kebo ya data," akasema. "Andika waya. Na hii rekodi haijahifadhiwa iweke juu, ndiyo mtu aone kwanza."

Nikabadilisha pale pale, nimeketi juu ya kreti: "MAZIWA HAYAJAREKODIWA. Mizani haijibu. Kaza waya, pima tena."

"Na ikikataa bado?"

"Itaandika nambari ya kosa, ile ya mtengenezaji. Hapa chini, kwa herufi ndogo."

"Nambari ya kosa ni sawa," akasema. "Weka na nambari yako ya simu."

Nikaiweka. Simu ya kwanza ililia Jumanne iliyofuata, saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri.